Tabia, Haiba na Utu: Nadharia za Saikolojia Mbele ya Mhusika wa Kiswahili

Mwanafunzi yeyote wa fasihi katika Afrika Mashariki amewahi kukutana na agizo hili: eleza sifa za mhusika fulani. Jibu lake hujulikana hata kabla kitabu hakijafunguliwa. Mhusika ni mpole, ni mvumilivu, ni jasiri, ana tamaa, ana mapenzi ya dhati. Na mbele ya kila sifa huwekwa ushahidi wa ukurasa mmoja au miwili. Orodha ikitimia, mtu amekwisha. Wahakiki wazoefu nao, ingawa lugha yao ni ya juu zaidi, mara nyingi hufanya kazi ile ile: humchukua Karama wa Shaaban Robert au Kazimoto wa Kezilahabi, wakampanga sifa sifa kama muuza duka apangavyo bidhaa zake.

Zoea hili halikuzuka darasani. Nyuma yake ipo nadharia, na wengi waifuatao hawajui kuwa wanaifuata. Tawi la saikolojia lishughulikalo na tofauti za watu, lile liulizalo kwa nini fulani si kama ndugu yake ilhali wamelelewa nyumba moja, limejenga sehemu kubwa ya jumba lake juu ya dhana mbili: kwamba mtu ni jumla ya sifa zake, na kwamba sifa hizo zimehifadhiwa katika maneno ya lugha. Dhana ya pili yapaswa kuwashughulisha wapenzi wa ushairi kuliko watu wengine wote, kwa kuwa wao ndio wajuao lugha huhifadhi nini, na huhifadhi wapi.

Kwanza yatazamwe majina yenyewe. Kile ambacho Wazungu huita kwa neno lililotokana na persona ya Kilatini, yaani barakoa ya mwigizaji, wafasiri wa Kiswahili wamekiita haiba. Wengine husema nafsi, wengine tabia, na wachache husema utu. Haiba imeshinda katika maandishi mengi ya kitaaluma, na ushindi huo si wa haki. Katika usemi wa pwani mtu wa haiba ni yule aingiapo barazani watu wakakaa vizuri; ni heshima yenye chembe ya hofu, kama lilivyo neno lenyewe katika Kiarabu. Si kila mtu anayo. Kusema kwamba kila binadamu ana haiba yake, kama vitabu visemavyo, ni kulipora neno maana yake. Hata hivyo kosa hilo lina bahati yake: barakoa na haiba yote mawili ni mambo ya mbele ya macho ya watu. Hakuna hata moja linalotaja kilichomo ndani.

Tabia nayo ina siri nzuri zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa kupiga muhuri, ule ule uliotupatia matbaa, mahali pa kupigia chapa. Tabia, basi, ni alama iliyokwisha kupigwa. Wagiriki wa kale, bila ya kushauriana na Waarabu, walifikia taswira hiyo hiyo: neno lao kharaktēr lilikuwa la chombo cha kuchongea na la alama ipigwayo juu ya sarafu, kabla halijawa la mwenendo wa mtu. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alilipa jina hilo kitabu chake chenye picha 30 za watu wa mji wake, wakiwamo mchoyo, mwenye kujipendekeza na mwenye maneno mengi. Hulka imetoka katika mzizi wa kuumba. Hivyo msamiati uliopokewa kutoka nje unaelemea upande mmoja: mtu ameumbwa, amepigwa chapa, basi. Methali zetu nyingine zinakubali, kwani mtoto wa nyoka ni nyoka na maji hufuata mkondo. Nyingine zinakataa, maana samaki hukunjwa angali mbichi, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Atafutaye ushindi wa nadharia moja katika methali atachoka bure. Kila chama kimeandaliwa kiti chake.

Pwani ilikuwa na elimu yake ya maumbile ya watu kabla ya saikolojia ya leo. Ililetwa na tiba ya Kiyunani kwa njia ya Waarabu, nayo ilipima damu, safura, balghamu na sauda. Mchanganyiko wa vinne hivyo ndio mizaji ya mtu. Elimu hiyo haikufa kabisa hata Ulaya. Katika karne ya 20, Hans Eysenck wa London alizichukua zile aina nne za watu zilizorithiwa kwa Galen akazipanga upya juu ya mihimili miwili, mmoja wa uchangamfu na mmoja wa fadhaa. Takwimu zilikuwa mpya. Ramani ilikuwa ya zamani.

Ama Freud, yeye amepata wafuasi wengi miongoni mwa wahakiki, na hapo pana jambo la kusahihisha. Tangu mwaka 1923, alipoigawa nafsi sehemu tatu, yaani ile ya matamanio ghafi, ile ya mimi ajuaye ulimwengu, na ile ya msimamizi akaripiaye, kumekuwa na hamu ya kuzilinganisha na nafsi tatu zinazojulikana katika elimu ya Kiislamu: nafsi iamrishayo mabaya, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotulia. Ulinganisho huu hupendeza kwa hesabu tu. Sehemu za Freud ni wapangaji watatu wa nyumba moja, wasioweza kuhama wala kupatana. Nafsi zile tatu ni ngazi. Mtu hupanda na huteremka, na kupanda kwenyewe ndiko kunakotakiwa. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anapousemeza moyo wake mbele ya magofu ya Pate, hatoi taarifa ya ugomvi wa wapangaji. Anauonya moyo ambao anaamini unaweza kusikia. Mhakiki amwonaye humo msimamizi wa Freud akikemea matamanio amesoma nusu: kukemea amekuona, tumaini hakuliona.

Lakini si Freud aliyewarithisha wanafunzi orodha ya sifa. Orodha ina nasaba nyingine. Mwaka 1884 Mwingereza Francis Galton aliandika kwamba atakaye kujua tofauti za watu aitazame kamusi, kwa sababu tofauti iliyo muhimu katika maisha haikosi kupewa neno. Alipekua kamusi ya visawe ya Roget akakadiria maneno kiasi cha elfu moja yatajayo tabia. Nusu karne baadaye, mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert waliichukua kamusi kubwa ya Webster wakachambua humo maneno 17,953 yawezayo kumtofautisha mtu na mtu. Waliyagawa katika safu nne. Safu ya kwanza ilikuwa ya sifa za kudumu, maneno 4,504. Ya pili ilikuwa ya hali za kupita, kama vile furaha ya saa moja. Ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa maneno 5,226, ilikuwa ya hukumu za jamii, yaani maneno ya kusifu na kulaumu. Ya nne ilikusanya mabaki.

Kazi hiyo ilikuwa ya subira kubwa, na hapana sababu ya kuidharau. Lakini uamuzi uliofuata ndio uliozaa saikolojia ya sifa kama ijulikanavyo leo: safu ya kwanza ikachukuliwa kuwa ndiyo sayansi, na ya tatu ikaachwa nje. Allport alishikilia kwamba kusifu na kulaumu ni kazi ya maadili, si ya saikolojia. Mwanasayansi amtazame mtu bila ya kumpima wema wake. Hapo Kiswahili kinakataa tangu neno la kwanza. Sifa, neno lile lile litumiwalo darasani kwa maana ya alama za mhusika, ndilo neno la kusifu. Mwenye sifa ni mwenye kusifiwa. Safu ya kwanza na safu ya tatu ya Allport katika Kiswahili zimekaa ndani ya neno moja la silabi mbili, na hakuna mkasi wa kuzitenganisha.

Walakini msafara uliendelea. Raymond Cattell akaipunguza safu ya kwanza kwa hesabu mpaka akafikia vipengele 16. Mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal, waliokuwa wakilifanyia kazi jeshi la anga la Marekani, waliona vipengele vitano vikijirudia kila walipopima. Mwaka 1981 Lewis Goldberg akavipa jina la kuwa ndivyo vitano vikubwa, na Paul Costa na Robert McCrae wakavitengenezea hojaji iliyoenea duniani: uwazi wa fikra, bidii yenye mpango, uchangamfu, upole kwa wenzi, na fadhaa. Mtu akijibu maswali yake, hupewa alama katika kila kimoja, na alama hizo tano ndizo picha yake.

Haitakuwa insafu kusema kwamba picha hiyo ni ya uongo. Alama za mtu mzima hazibadiliki ovyo mwaka hadi mwaka, na zinabashiri mambo kadhaa ya maisha kuliko ubashiri wa kubahatisha. Tena wanasayansi wenyewe wamerudi kukiokota kilichotupwa. Mwaka 2004 Michael Ashton na Kibeom Lee, baada ya kuzilinganisha lugha kadhaa, Kikorea ikiwa mojawapo, walitangaza kipengele cha sita, nacho ni uaminifu na kutojikweza. Safu ya tatu ilitolewa mlangoni ikarudi dirishani.

Swali la mwenye kupenda lugha ni jingine. Je, kama Galton angezaliwa Unguja, angelipekua nini? Vivumishi halisi vya Kiswahili ni makumi machache tu, na vingi vinasema urefu, uzito na ukubwa. Vitajavyo tabia, kama -pole, -kali na -vivu, havijazi ukurasa. Mwanasayansi afikaye na wavu wa kuvulia vivumishi atarudi na samaki wachache, kisha huenda akaandika kwamba bahari haina kitu. Bahari inacho, lakini kipo kina kingine.

Kiswahili kwanza huyatoa maneno ya tabia katika vitendo. Asikiaye ni msikivu, avumiliaye ni mvumilivu, achangamkaye ni mchangamfu, anyenyekeaye ni mnyenyekevu. Azuaye ni mzushi, agombaye ni mgomvi, achongeaye ni mchongezi. Kitenzi kingali kinapumua ndani ya jina. Mtu haitwi msikivu ila amesikia, na akiacha kusikia jina linamlegea.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Kiswahili hakisemi sana kwamba mtu ni kitu fulani. Husema kwamba yuko pamoja nacho. Ana haya. Ana choyo. Ana kijicho, ana subira, ana huruma, ana inadi. Ana roho nzuri, ana mdomo, ana mkono wa birika. Kiungo cha na ndicho kile kile kiunganishacho mtu na mwenziwe safarini: yuko na subira kama awavyo na rafiki. Kwa hiyo wivu humwingia mtu, kiburi humpanda, uvivu humshika, haya humtoka akabaki na macho makavu. Sifa ni mgeni wa mtu. Wageni wengine hukaa maisha yote, wengine huondoka alfajiri. Anayesema fulani ana hasira huenda anataja ya leo au ya siku zote, na msikilizaji hulijua hilo kwa kumjua fulani, si kwa sarufi. Safu ya kwanza na ya pili ya Allport nazo zimeungana.

Wanasaikolojia waliojaribu kuvipeleka vile vitano vikubwa mbali na Ulaya na Marekani wameyaona matatizo ya namna hii wenyewe. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Vile vitano havikuonekana. Mwaka 2014 Gerard Saucier na wenzake walilinganisha lugha tisa, Kimaasai ikiwamo, wakaona kwamba vinavyovuka mipaka ya lugha zote kwa uthabiti ni viwili tu: kimoja ni cha mtu kujizuia na kuishi na watu vizuri, cha pili ni cha nguvu na uchangamfu. Mwaka 2020 Amber Gayle Thalmayer na wenzake, walipozichunguza Kimaasai na Kisenufo kwa maneno ya lugha hizo zenyewe, hawakukipata kile kitano kikiwa kizima. Majirani zetu wa bara, kwa ulimi wao, walimpima mtu kwanza kwa jinsi anavyoishi na watu. Yeyote aliyesikia mtu akiambiwa hana utu, au akiambiwa kwa neno fupi zaidi kwamba si mtu, hatastaajabu. Utu umetokana na mtu kwa kiambishi kimoja tu, u-, kama vile wema unavyotokana na mwema. Lakini mtu aweza kuwa hai, mwenye akili na alama zake tano, asiwe nao.

Pigo zito zaidi kwa orodha ya sifa, hata hivyo, halikutoka nje. Lilitoka ndani ya saikolojia. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha majaribio yao juu ya udanganyifu wa watoto wa shule wa Marekani, wakaonyesha kwamba mtoto adanganyaye katika mtihani si lazima awe ndiye adanganyaye mchezoni. Mwaka 1968 Walter Mischel akakusanya ushahidi wa aina hiyo katika kitabu kilichowaudhi wengi: uhusiano kati ya sifa iliyopimwa na mwenendo wa mtu katika hali mahususi, alisema, ni nadra kuzidi 0.30. Wengi walidhani amekana kuwako kwa tabia. Sivyo. Katika miaka ya 1990, pamoja na Yuichi Shoda, alionyesha tabia ilipo. Katika kambi ya watoto ya majira ya joto walichunguza ukali wa maneno. Watoto wawili waweza kulingana kwa jumla ya ukali wao, lakini mmoja hufoka akitaniwa na watoto wenziwe, na wa pili hufoka akionywa na mtu mzima. Na kila mmoja hubaki vivyo hivyo siku baada ya siku. Jumla yao ni moja, watu ni wawili. Sahihi ya mtu, kwa mujibu wa utafiti huo, imeandikwa kwa muundo wa sharti: ikiwa hivi, basi vile.

Wana saikolojia walihitaji karne nzima ya hesabu kuufikia muundo huo. Msemaji wa Kiswahili anao kinywani katika viambishi viwili, -ki- na hu-. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Maskini akipata matako hulia mbwata. Paka akiondoka panya hutawala. Kiambishi cha kwanza chaweka hali, cha pili chaleta mazoea. Hakuna kivumishi hata kimoja. Methali ya muungwana haimwiti mpole, mstahifu wala mwenye haya. Inamvua nguo, na kumvua ni tendo la watu wengine, kwa kuwa kitenzi kimetendwa. Halafu inatazama magoti yake. Hapigani, hakimbii, hatukani. Anachutama. Anayetafuta tofauti kati ya barakoa ya Kilatini na utu wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali na magoti hayo: mmoja hujulikana kwa alichovaa usoni, mwingine hujulikana siku aliyoachwa bila ya vazi.

Muundo huo umelala pia ndani ya umbo la shairi. Mshororo wenye vipande viwili, ukwapi na utao, ni nyumba iliyojengwa tayari kwa sharti na jibu lake: mara nyingi ukwapi huiweka hali, mshairi akapumua, utao ukaleta afanyavyo mtu. Wenye kuhesabu mizani peke yake hulipita jambo hili.

Yafaa sasa kurudi kwa Shaaban Robert, kwa kuwa yeye ndiye aliyehukumiwa zaidi kwa sheria ya orodha. Wahusika wake, imesemwa mara nyingi, ni bapa: wanabeba sifa zao katika majina. Katika Kusadikika Majivuno ni mjivuni, na mshitakiwa wake ni Karama. Katika Utubora Mkulima jina limebeba utu na ubora pamoja. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, kana kwamba baba yao alikwisha kusoma mwisho wa hadithi. Shutuma hiyo ina haki kwa Majivuno, asiyetuonyesha zaidi ya jina lake. Kwa Adili haina. Jini limemwamuru awapige kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, naye moyoni anawahurumia. Mwenye jina la uadilifu anashika mjeledi usiku, na msomaji anaachwa aulize kama uadilifu ni kutii amri au ni huruma. Jina ni moja. Usiku una lake na mchana una lake. Nao Hasidi na Mwivu walikuwa watu, wakawa manyani, wakarudi kuwa watu, wakiwa na majina yale yale. Jina katika kitabu hiki halifanyi kazi ya muhuri. Linafanya kazi ya deni.

Kezilahabi alikuja na kipimo kingine, na wahakiki wake wengi wakamkimbilia Freud. Rosa Mistika, riwaya iliyotoka mwaka 1971, imesomwa kuwa ni hadithi ya matamanio yaliyozuiwa yakalipuka: Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, na binti huyo afikapo chuoni, mbali na mkono wa baba, hana tena kizuizi. Maelezo hayo si mabaya, lakini yanamfanya Rosa kuwa chungu kilichofunikwa. Orodha ya sifa ni mbaya zaidi, kwa sababu humwita mtiifu katika ukurasa mmoja na malaya katika mwingine, kisha huita ukinzani huo ukuaji wa mhusika. Rosa hakinzani na nafsi yake. Akiwa chini ya jicho la mwanamume mwenye amri hunyamaza, na akiitwa na mwanamume mwenye ahadi huitika. Katika hali zote mbili hakuna aliyemfunza kusema neno lake mwenyewe. Sahihi yake ni moja tangu Ukerewe hadi kifo chake.

Kazimoto wa Kichwamaji, aliyefuata mwaka 1974, ni jambo jingine. Ni msomi wa Chuo Kikuu, anajisimulia, anajichunguza, na sifa zake mwenyewe anazijua kuliko mhakiki yeyote. Ujuzi huo haumsaidii kitu, anaishia kujiua. Pana kejeli katika kumtungia Kazimoto orodha ya sifa, maana kujitazama kwa orodha ndiko kunakomla. Katika hili Kezilahabi alikuwa mbele ya wahakiki wake.

Afadhali zaidi ni Mohamed Suleiman Mohamed, ambaye riwaya yake ya mwaka 1972 aliipa jina la Kiu. Hakuiita Mlafi wala Mwenye Tamaa. Kiu mtu huwa nayo, na mwenye kiu si mtu wa aina fulani. Ni mtu yeyote aliyekosa maji. Kwa mmoja kiu hiyo ni ya mapenzi, kwa mwingine ni ya mali, na sarufi ya jina la kitabu yatosha kumwonya msomaji asiharakishe kuwapachika wahusika vivumishi.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ya muundo huu ilitungwa zamani, na mwanamke. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia. Wahakiki wamegombana juu yake kwa miaka mingi. Wapo wauonao kuwa ni hati ya utiifu wa mke, wapo wasikiao chini ya utiifu huo sauti ya mwanamke ajuaye nguvu zake. Na pande zote mbili zimekwisha kuunyambua katika sifa za mwanamke mwema: mtiifu, msafi, mwenye adabu, mwenye ulimi mzuri. Utenzi wenyewe umepangwa vingine. Unamtaka binti apate radhi za watano, nao ni Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Hao nao ni watano wakubwa, ila si vipengele vilivyo ndani ya mtu. Ni watu wa kukutana nao na Mola wa kumwelekea, na Mwana Hashima ni nani itajulikana kwa atakavyokuwa mbele ya kila mmoja.

Tena sehemu ya mume, iliyozusha ugomvi wote, imesukwa kwa masharti. Akilala, asiamshwe kwa kelele. Akitoka, aagwe. Akirudi, apokewe. Wote wanaosoma sehemu hiyo humtazama mke, kwa kuwa ndiye anayeusiwa. Lakini -ki- zote ni za mume. Yeye ndiye achorwaye humo, usingizi wake, kutoka kwake na kurejea kwake, bila ya sifa wala kivumishi, na aliyemchora alikuwa mjane: Bwana Mataka wa Siyu, mume wa Mwana Kupona, alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1856.